Sinia la Chicago Jikoni kwa Nyanya



Wasomaji wetu wamezoea kutukuta katika ukurasa huu tukizungumzia mirathi, malezi ya watoto au adabu za safari. Juma hili tunaomba radhi, kwani tutazungumzia pizza. Aliyetutia katika jambo hili ni mjukuu wa shangazi yetu, kijana wa miaka 17 aliyezaliwa na kukulia Chicago, Marekani. Alikuja Mombasa kwa majuma matatu kumzuru nyanyake, ambaye mara ya mwisho alimwona akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

Mamake kijana huyu ni binti wa Kibokoni. Aliolewa akahamia ng'ambo, na kwa miaka mingi barua na simu zake zilijaa habari za vyakula asivyovipata: mahamri yenye iliki ya kutosha, nazi mbichi badala ya ile ya kopo, mbaazi ambazo huko hufika zikiwa kavu kama changarawe. Sote tulimhurumia. Hatukufikiri kuwa mwanawe angekuja kwetu na njaa kama ile ile, ila imegeuka upande.

Shangazi alimpokea kwa biriani. Siku ya pili ikawa wali wa nazi na samaki wa kupaka, na asubuhi zote mahamri na mbaazi. Kijana alikula vijiko vitatu vya kila kitu, akaweka kijiko chini kwa heshima, akasema, "Shukran, Nyanya. Tamu sana." (Kitabu alichosomea Kiswahili kilimfunza kuwa nyanya ni zile za mchuzi. Ilibidi tumweleze kuwa hapa kwetu nyanya ni mzazi wa mzazi, na zile za mchuzi ni tungule. Alicheka, na hicho ndicho kicheko pekee tulichokisikia katika juma la kwanza.) Siku ya nne Shangazi alituita kando. "Mwanangu," alituambia, "huyu ananistahi. Mjukuu hamstahi nyanyake namna hii. Ananifanyia ugeni."

Tunakiri kuwa sisi tulikuwa tumeanza kumhukumu kijana moyoni. Tulisema, huyu amelelewa kwa vinono, haijui neema. Kisha tukakumbuka hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kuwa Mtume (s.a.w.) aliwekewa nyama ya kuchoma ya dhabu, mnyama wa jangwani mfano wa kenge, na alipoelezwa ni nyama gani aliuondoa mkono wake. Khalid bin Walid (r.a.) akamuuliza kama ni haramu. Akajibiwa kuwa si haramu, lakini mnyama huyo hapatikani katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimtaki. Khalid akaivuta nyama upande wake akala, na Mtume akimtazama. Tumeisomesha hadithi hiyo miaka mingi katika mlango wa vyakula, na kila mara tuliishia kwenye hukumu ya dhabu. Hatukuwahi kusimama penye habari ya nchi ya watu wake.

Basi Shangazi akamuuliza mjukuu wake waziwazi: kwao anapenda kula nini? Kijana alisita, akaona haya, kisha akasema ni pizza ya sinia refu, ambayo babake humpeleka kuila baada ya Sala ya Ijumaa katika duka la Waislamu wenzao. Kwa kuwa hatukuijua, tulimtaka atueleze, na tulichokisikia tukakizidishia kwa kusoma.

Pizza ya asili ni ya Napoli, Italia. Ile ni nyembamba, na huiva kwa dakika moja au moja na nusu tu katika tanuri la kuni lenye moto mkali. Hii ya Chicago ni mtoto asiyefanana na babake. Kwa kawaida historia yake huanzwa mwaka 1943, pale Ike Sewell na Ric Riccardo walipofungua mkahawa ulioitwa Pizzeria Uno katika kona ya barabara za Ohio na Wabash. Ni nani hasa aliyeibuni, watu wa mji wenyewe hawajapatana hadi leo, na kila familia ya wauzaji ina masimulizi yake. Sisi tulivutiwa zaidi na jina la Alice Mae Redmond, mwanamke mweusi aliyekuwa mpishi wa Uno na baadaye wa Gino's East, mkahawa uliofunguliwa mwaka 1966. Wenye maduka ndio walioandikwa juu ya milango, lakini habari ya ule unga uliokandwa haisimuliki bila ya kumtaja yeye. Kina mama wanaosoma ukurasa huu hawatashangaa.

Namna yake ni hii. Unga wa ngano hukandwa kwa hamira na mafuta mengi, ya mahindi au siagi, na haukandwi sana, ili ukiiva umong'onyoke karibu na biskuti badala ya kuvutika kama mkate. Wengine huchanganya unga kidogo wa mahindi, jamaa ya huu wa sima, na wengine hulipinga jambo hilo vikali. Donge hutandazwa kwa vidole ndani ya sinia la chuma la mviringo, likapandishwa hadi kwenye ukuta wa sinia, kiasi cha vidole viwili vitatu kwenda juu. Kisha mpangilio hugeuzwa kinyume cha pizza zote tunazozijua: jibini huwa chini, juu ya unga, imekatwa vipande vipana, nyama hufuata, na tungule zilizopondwa ndizo za mwisho, juu kabisa. Hilo si pambo. Pizza hiyo hukaa motoni dakika thelathini, hata arobaini, na jibini ingewekwa juu ingeungua kabla ya unga kuiva. Tungule huikinga. Huliwa kwa kisu na uma, na wengi hushindwa na kipande cha tatu.

Jambo moja alilotueleza kijana lilitufurahisha. Alisema watu wa Chicago hawaili kila siku. Pizza yao ya kila juma ni nyembamba, yenye kukauka, iliyokatwa vipande vya mraba. Hii nene ni ya mgeni, ya sherehe, ya siku yenye jina. Ndipo tulipowakumbuka watalii wanaodhani kuwa sisi hapa Mji wa Kale huamkia biriani.

Tulianza kwa kuitafuta mjini. Mkahawa wa kwanza uliotangaza pizza ya Chicago ulituletea mkate mnene, umefura kama boflo, jibini juu na tungule chini yake. Wa pili ulikuwa na sinia la kina, na tuliingiwa na matumaini, lakini mchuzi wake ulitiwa sukari na ulitoka motoni baada ya dakika kumi, unga wa katikati ungali mbichi. Mara zote mbili kijana alikula vijiko vyake vitatu, akasema, "Shukran. Tamu sana." Shangazi alitutazama tu.

Yeye ndiye aliyeamua ipikwe nyumbani. Hapo ikatubidi kutimiza kazi yetu, maana pizza hiyo katika mikahawa mashuhuri ya Chicago kwa kawaida hujazwa soseji ya nguruwe, tena pengine soseji hiyo hutandazwa ikafunika sinia zima. Ladha yake, hata hivyo, hutokana zaidi na thomu, pilipili na mbegu za shamari, zile punje tamu ambazo wengi wetu huzitafuna baada ya mlo. Kima ya ng'ombe ilitiwa viungo hivyo ikalazwa usiku kucha, na kijana aliponusa bakuli asubuhi alisimama kimya kwa muda. Jibini nayo ina neno lake. Huhitaji kigandishi, na kigandishi huweza kutoka katika tumbo la ndama. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kigandishi cha mnyama asiyechinjwa kisharia ni najisi, ilhali Imam Abu Hanifa ameona ni tohara. Anayepata jibini iliyoandikwa kuwa kigandishi chake hakitokani na mnyama amestarehe na ikhtilafu hiyo, na sisi tuliisoma karatasi ya kila pakiti dukani hadi mwenye duka akatuuliza kama tumetumwa na serikali.

Sinia la Chicago halikupatikana. Shangazi alitoa sufuria yake pana ya mkate wa sinia, iliyomaliza miaka thelathini jikoni, akasema kuwa chombo chochote kinachojua kukaa baina ya moto wa juu na wa chini kitaielewa kazi hii. Oveni ya nyumba haikuwaka vyema, basi akapalia makaa kama apaliavyo mkate: mengine chini, mengine juu ya bati lililofunika sufuria. Tulikaa uani nusu saa na ushei. Harufu ilipoenea, majirani wawili walibisha hodi bila ya haja yoyote.

Ilipofunuliwa ilikuwa nzuri kwa macho: nyekundu juu, ukingo wa kahawia umeachana na sufuria. Shangazi alikata kipande cha kwanza akampa mjukuu wake, na nyumba nzima ikanyamaza. Kijana alikula kijiko kimoja. Akala cha pili. Tukamwona anatafuna polepole, anatazama chini ya kipande, akakigusa kwa uma.

"Nyanya," alisema, "chini bado. Na tungule zina maji."

Mamkubwa mmoja alivuta pumzi kwa mshangao, na sisi tukafungua kinywa kumkanya. Shangazi alituzuia kwa mkono. Uso wake ulikuwa umekunjuka kuliko tulivyouona tangu siku kijana aliposhuka uwanja wa ndege.

"Bado vipi?" alimuuliza. "Njoo hapa unionyeshe."

Kesho yake walisimama jikoni wawili, mmoja akisema Kiswahili chote na mwingine robo yake. Tungule zilipondwa kwa mkono, zikatiwa katika kitambaa safi zikaachwa kuchuruzika saa nzima. Unga ulitandazwa mwembamba zaidi chini, kwani kijana alishikilia kuwa kina cha sinia ni cha vijazo, si cha mkate. Makaa ya chini yaliongezwa. Mara mbili tuliwasikia wakibishana juu ya siagi.

Siku hiyo alikula vipande vitatu, na hakuna aliyemsikia akisema shukran. Cha mwisho alikila Shangazi mwenyewe, kwa mkono, ameuacha uma kando. Mjukuu wake alimkazia macho, akamuuliza kama ni tamu.

"Chumvi imezidi," alisema Shangazi, akaendelea kula.