Unaenda Majuu? Hivi Ndivyo Baiskeli ya Mbio Huendeshwa kwa Theluji na Barafu

Siku hizi ni ngumu kukosa msee mtaani anayesomea Kijerumani. Mwezi wa Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilisaini mkataba wa wafanyikazi pale Berlin, na tangu hapo kila mtu ako na binamu anayepanga kwenda. Poa sana. Lakini kuna kitu mwalimu wa lugha hatakuambia: kule baiskeli si mchezo wa watoto, ni usafiri. Na wanafunzi wengi wa kigeni huitumia kupeleka chakula ndio kodi ya keja ipatikane.

Baiskeli ya mbio ya mtumba, ile ya tairi nyembamba na usukani uliopinda kama pembe, ni nyepesi na inakimbia balaa. Septemba utaipenda. Desemba inafika, theluji inaanguka, na hiyo hiyo baiskeli inageuka kuwa kitu kingine kabisa. Ukianguka uvunjike mkono, wera imeisha na landlord hajali. So hii maneno ni ya kushika mapema.

Baridi haikuangushi. Barabara ndio inakuangusha

Watu wengi hudhani siku ya baridi kali ndio hatari zaidi. Hapana. Barafu huteleza zaidi ikiwa karibu na digrii ziro, kwa sababu juu yake kunakuwa na maji kidogo. Kukiwa digrii 15 chini ya ziro, barafu imekauka na tairi inashika kiasi. Kama umewahi kupanda nduthi kwa matope ya Kitengela, unajua: si mvua kubwa inayokuangusha, ni ule utelezi wa juu juu.

Pia jua kwamba theluji si moja:

- Theluji mpya, nyepesi. Ikiwa sentimita chache tu, tairi nyembamba inaikata na kugusa lami. Hii si mbaya sana.
- Theluji iliyokanyagwa. Imegandamana na ni ngumu. Ukienda mos mos unapita.
- Uji. Theluji inayoyeyuka, imechanganyika na maji na uchafu. Inavuta gurudumu la mbele huku na huku.
- Uji uliogandishwa usiku. Hii ndio noma. Alama zote za magari na viatu zimekuwa mifereji ya mawe. Gurudumu likiingia huko, linafuata mfereji, halikufuati wewe.
- Barafu isiyoonekana. Lami inakaa tu kama imelowa, kumbe ni kioo. Icheki sana mangware, kwa vivuli vya majengo na juu ya madaraja. Daraja huganda kwanza kwa sababu upepo baridi unapita juu na chini yake.

Tairi kwanza, miguu baadaye

Nguvu zako hazisaidii kama tairi haishiki. Tairi ya kawaida ya baiskeli ya mbio ina upana wa milimita 23 hadi 28, na haina meno ya maana. Una njia tatu.

Ya kwanza ni kupunguza upepo. Kama umezoea kujaza PSI 100 kwa tairi ya milimita 25, shuka hadi 80 hivi kulingana na uzito wako. Tairi inalala kidogo na kugusa barabara zaidi. Lakini usishuke chini ya ile namba ndogo iliyoandikwa ubavuni, ama tyubu itabanwa na rimu itoboke.

Ya pili ni tairi pana zaidi, kama fremu inakubali. Pima nafasi kati ya tairi na fremu, na pia chini ya breki, kabla hujatoa doo. Fremu nyingi za mbio, hasa za zamani, hazina hiyo nafasi.

Ya tatu ndio dawa yenyewe ya barafu: tairi za misumari. Ni tairi zenye vidude vidogo vya chuma kigumu vinavyouma barafu. Schwalbe ya Ujerumani inazitengeneza. Kule Ujerumani gari haliruhusiwi kuwa na tairi za misumari, lakini baiskeli inaruhusiwa. Si bei rahisi, ni nzito na zinapiga kelele kwa lami kavu. Zikiwa mpya, endesha kilomita 40 hivi kwa lami bila kufunga breki kwa nguvu, ndio misumari ikae vizuri. Kama pesa inatosha tairi moja tu, weka mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza unaweza kujiokoa. La mbele likiteleza, ushalala chini kabla hujasema "aki".

Mkono mwepesi kwa breki

Kanuni ni moja: usifanye kitu chochote ghafla. Punguza mwendo ukiwa bado umenyooka, kisha ingia kona bila kugusa breki. Mahali panateleza tumia breki ya nyuma, polepole. Kaa kwa kiti, usisimame kwa pedali, kwa sababu uzito wako ndio unafanya gurudumu la nyuma lishike.

Ukijikuta tayari juu ya barafu, usipanic. Usipinde, usifunge breki, usikanyage kwa nguvu. Legeza mikono, wacha baiskeli iteleze moja kwa moja hadi ipate lami.

Kama breki zako ni zile za kubana rimu, jua kwamba rimu ikiwa na theluji, breki haishiki mara moja. Zibonyeze kidogo kidogo mapema ili rimu ipanguswe. Reli za tramu zikate kwa pembe mraba, usizipande kimshazari. Na shusha kiti kidogo ndio mguu ufike chini haraka. Viatu vya kujifunga kwa pedali? Hizo ziache hadi Machi.

Luku ya baridi, si luku ya kupiga picha

Kukiwa digrii 5 chini ya ziro na upepo wa kilomita 25 kwa saa unakupiga usoni, ngozi inasikia kama ni 12 chini ya ziro. Na huo upepo unautengeneza mwenyewe ukiendesha kwa hiyo spidi. Ile baridi ya Limuru tunayolia nayo Julai ni salamu tu.

Vaa tabaka: nguo ya sufu au ya michezo karibu na ngozi, kitu cha joto katikati, na jaketi la kuzuia upepo juu. T-shirt ya pamba usiweke ndani, ikishika jasho inakaa baridi kama kitambaa cha deki. Ukitoka nje usikie baridi kidogo. Ukiwa na joto mlangoni, baada ya dakika kumi utakuwa umelowa jasho. Vidole ndio muhimu zaidi, kwa sababu vikifa ganzi huwezi kufunga breki.

Hii si hadithi ya wanaoanza pekee. Tarehe 5 Juni 1988, mbio za Giro d'Italia zilipita mlima wa Gavia, zaidi ya mita 2,600 juu, theluji ikimwagika. Timu ya Mmarekani Andy Hampsten ilikuwa imenunua glavu na kofia za watu wa ski mapema. Erik Breukink ndiye alishinda siku hiyo, lakini Hampsten alivalishwa jezi ya pinki ya anayeongoza na akaibeba hadi mwisho. Akawa Mmarekani wa kwanza kushinda Giro. Glavu, buda.

Chumvi inakula baiskeli

Barabara kubwa humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Hayo maji ya chumvi yanaingia kwa cheni, nati na waya za breki, na kutu haichelewi. Ukifika keja, mwagia baiskeli maji ya kawaida, pangusa, kausha cheni, weka oili nzito ya mvua. Weka pia madigadi. Na taa zisikose: Desemba, Berlin inaingia giza kabla ya saa kumi jioni.

Siku ya kupanda tramu

Kule Oulu, Finland, watoto huenda shule na baiskeli hata kukiwa digrii 17 chini ya ziro. Si ati wana miguu ya chuma. Njia zao za baiskeli husafishwa mapema, na baridi yao ni kavu. Mji ambao joto linacheza karibu na ziro, leo uji kesho kioo, unaweza kuwa hatari zaidi.

So kila asubuhi usiangalie digrii peke yake. Uliza: usiku kulinyesha? Kuliganda? Njia yangu imesafishwa? Jibu likikaa vibaya na huna tairi za misumari, chukua tramu. Oda ya pizza ni euro chache. Mfupa uliovunjika ni miezi bila wera.