Dawa Inayovutwa kwa Sumaku

Chukua sumaku ya spika ya redio mbovu, uipitishe kwenye mchanga wa pwani hapa Kawe. Mara nyingi itatoka na punje nyeusi. Katika punje hizo huwamo magnetaiti, madini ya chuma. Madini ya aina hiyo hiyo, yaliyotengenezwa maabara, wanasayansi wanayajaribu katika kuipeleka dawa ya saratani penye uvimbe tu.

Kwa nini wahangaike hivyo? Aliyewahi kumpeleka jamaa yake Ocean Road anajua. Dawa ya dripu huzunguka na damu mwili mzima, ikaua seli zinazozaliana haraka, ziwe za uvimbe, za nywele au za mdomo. Mgonjwa hunyonyoka nywele, hutapika, na wapo wanaokatisha tiba kwa mateso hayo.

Basi dawa hutiwa katika vifuko vidogo mno pamoja na chembe za magnetaiti, kila chembe upana wa nanomita 10 hivi (unywele mmoja hufika 80,000). Kifuko sharti kiwe kidogo kuliko chembe nyekundu ya damu, kisije kikaziba mishipa. Ukuta wake huyeyuka wenyewe, kama zile nyuzi za kushonea vidonda zisizotolewa, na dawa ikatoka taratibu. Sumaku kali huwekwa juu ya ngozi ili ivizuie vifuko vinapopita. Chuma kinachobaki huishia kwenye ini na wengu. Vifuko vingine hutengenezwa kwa jelatini, kwa hiyo ni haki kuuliza kama imetoka kwa ng'ombe au nguruwe.

Mwaka 1996 huko Ujerumani, Andreas Lübbe na wenzake walitoa matokeo ya jaribio kwa wagonjwa 14. Wao hawakutumia vifuko, dawa ilinatishwa kwenye chembe zenyewe. Ilifika kwenye uvimbe kwa karibu nusu ya wagonjwa.

Kikwazo kikubwa ni umbali. Sumaku huvuta pini kupitia karatasi moja, lakini weka daftari nene katikati uone. Uvimbe wa titi u karibu na ngozi. Saratani ya shingo ya kizazi, inayowasumbua sana mama zetu, iko ndani. Ndiyo maana hadi leo hii si tiba ya kawaida hospitalini, na mgonjwa asiache miadi yake akiisubiri.

Zile bangili za sumaku zinazotembezwa mitaani ni jambo jingine kabisa. Hazina dawa, na nguvu ya sumaku yake haifiki mbali ndani ya mwili.