Masika, kibali na matumbawe: ya kujua kabla ya kukata tiketi ya Zanzibar kutoka Nakivale

Familia nyingi zilizopitia makazi ya wakimbizi ya Nakivale zimetawanyika. Mmoja bado yuko Base Camp, mwingine anafanya kazi mjini Mbarara, wa tatu alipewa makazi mapya Marekani, Kanada au Australia. Kukutana nyumbani, Kivu au Burundi, si jambo jepesi, kwa kuwa mtu anayetambuliwa kuwa mkimbizi akijirejesha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi aliyoikimbia anaweza kuipoteza hadhi hiyo. Ndiyo maana baadhi yao hutafuta mahali pa tatu pa kukutania, na Zanzibar huvutia: lugha yake inaeleweka, matumbawe yake yanasifika, na miezi ya Aprili na Mei bei za vyumba hushuka sana.

Unafuu huo ni wa kweli. Lakini una sababu yake, na sababu hiyo humuumiza anayeanzia safari Nakivale kuliko mtalii anayetoka Ulaya. Mtalii akikosa boti Jumanne, ataondoka Jumatano. Mwenye kibali chenye tarehe ya kurudi hana Jumatano ya ziada.

Masika ya Kivu si masika ya pwani

Neno lenyewe laweza kumpoteza msafiri. Kwa mtu wa Bukavu, majira ya mvua huanza takriban Septemba na kuendelea hadi Mei, na kiangazi ni miezi mitatu tu ya katikati ya mwaka. Pwani ya Waswahili hugawa mvua mara mbili: masika, yaani mvua kubwa za Machi hadi Mei, na vuli, mvua nyepesi za Oktoba hadi Desemba. Mbarara na Isingiro nazo zina misimu miwili inayokaribiana na hiyo ya pwani.

Chanzo ni kimoja. Jua hupita juu ya ikweta mwezi Machi na tena mwezi Septemba, na ukanda wa hewa yenye joto na unyevu hulifuata, ukivuka nchi zetu kwenda kaskazini na kurudi kusini. Kwa msafiri, maana yake ni kwamba hawezi kuikimbia mvua ya Isingiro kwa kwenda Unguja mwezi Aprili. Ataikuta imemtangulia, tena kubwa zaidi, kwa kuwa Aprili pekee Zanzibar hupata kwa wastani zaidi ya milimita 300. Upande wa Nakivale, barabara za udongo na changarawe zinazokwenda kwenye lami hugeuka utelezi msimu huohuo, na teksi iliyozoea kuondoka alfajiri huchelewa. Safari ndefu huharibikia hapo mara nyingi, kabla hata Mbarara haijaonekana.

Mvua inavyoyabadilisha matumbawe

Matumbawe hufanana na mawe, lakini hujengwa na wanyama wadogo wanaoishi pamoja na aina ya mwani ndani ya miili yao. Mwani huo huhitaji mwanga, na wanyama wenyewe huhitaji maji ya chumvi yenye joto la wastani. Ndiyo sababu Ziwa Nakivale na hata Ziwa Victoria, pamoja na ukubwa wake, hayana matumbawe hata kidogo.

Mvua kubwa hupeleka baharini maji baridi na tope. Karibu na mdomo wa mto mkubwa kama Rufiji, ulio mkabala na kisiwa cha Mafia, maji yanaweza kuwa ya kahawia kwa siku nyingi. Unguja haina mto wa ukubwa huo, kwa hiyo maji yake husafika upesi zaidi mvua inapokatika. Anayelazimika kwenda wakati wa masika atafute mwamba ulio mbali na mto na mbali na mji. Aangalie pia mwezi. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji ya Unguja huweza kupanda na kushuka kwa takriban mita 4, na mkondo huwa mkali. Wakati wa maji mafu, bahari huwa tulivu zaidi kwa anayejifunza.

Kisiwa cha Chumbe, umbali wa takriban kilomita 12 kutoka Mji wa Zanzibar, ni mfano mzuri. Hifadhi yake ya matumbawe imeendeshwa tangu miaka ya 1990, na nyumba zake za wageni hutumia maji ya mvua yanayokusanywa mapaani. Hata hivyo, hufunga kupokea wageni kwa wiki kadhaa kati ya Aprili na Juni. Ikiwa watu wanaoishi kwa maji ya mvua hufunga milango wakati wa masika, mgeni naye ana la kujifunza hapo.

Hofu ya mvua isifunike hofu ya upepo

Wengi huuliza juu ya mvua, wachache juu ya upepo. Baharini, upepo ndio wenye kuua. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kusi huanza kushika nguvu karibu na Mei na kuendelea hadi Septemba. Meli ya MV Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, ikitoka Dar es Salaam na abiria wengi. Haikuwa masika, ulikuwa ni mwezi ambao vitabu vya watalii huuita mzuri, nao ulikuwa na upepo mkali. Mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, jambo lisilo la kawaida kwa Tanzania, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa.

Wasomaji wetu wanaotoka Kongo wanaijua habari hii kwa uchungu wao wenyewe. Tarehe 22 Machi 2014, mashua iliyobeba wakimbizi waliokuwa wakirejea Kongo kutoka Uganda ilipinduka katika Ziwa Albert, na zaidi ya watu 200 walipoteza maisha. Basi kabla ya kupanda chombo chochote, ulizia taarifa ya siku hiyo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, hesabu majaketi ya kuokolea maisha, na ukiona idadi ya watu imeyazidi, shuka. Nauli iliyopotea hurudishwa kwa kazi.

Karatasi kwanza, msimu baadaye, tiketi mwisho

Hapa ndipo mipango mingi hukosea mfuatano. Tiketi ya bei nafuu hununuliwa kwanza kwa sababu inaisha usiku wa leo, kisha karatasi hufuatwa mbio. Kwa mkazi wa Nakivale mambo yanapaswa kwenda kinyume.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi anayetambuliwa uhuru wa kutembea ndani ya nchi, kwa masharti ya kisheria, na pia haki ya kupata hati ya kusafiria nje. Kwa vitendo, anayeondoka kwa siku kadhaa huomba barua ya ruhusa kwa kamanda wa makazi, ambaye yuko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Barua hiyo haivuki mpaka. Kwenda Tanzania kunahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi, inayotokana na kifungu cha 28 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Hutolewa kwa waliokwisha kutambuliwa. Anayesubiri uamuzi wa ombi lake la hifadhi hayumo.

Hati ikipatikana, bado kuna viza. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 na Burundi ilitangulia, lakini mwenye hati ya mkimbizi hasafiri kwa pasipoti ya nchi hizo, na hoja kwamba sote ni Wanajumuiya haitamvusha Mutukula. Maombi yafanywe mapema kupitia Ubalozi wa Tanzania ulioko Kampala. Anayeshawishiwa kuchukua pasipoti ya nchi aliyoikimbia ili kukwepa usumbufu huu apate kwanza ushauri wa kisheria, kwa sababu iliyotajwa mwanzoni.

Kwa raia wa Uganda anayetoka Mbarara njia ni fupi: haitaji viza ya Tanzania. Asitegemee kitambulisho cha taifa peke yake, kwa maana makubaliano ya kusafiri kwa kitambulisho ni ya Uganda, Kenya na Rwanda. Abebe pasipoti.

Wote wawili watahitaji cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa Uganda imo katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Chanjo ifanywe angalau siku 10 kabla ya safari. Cheti hudumu maisha yote. Zaidi ya hapo, tangu Oktoba 2024 Zanzibar imeweka bima ya lazima kwa wageni wa kutoka nje, na kiwango kilichotangazwa kwa mtu mzima ni dola 44 za Kimarekani. Kwa familia ya watu sita hiyo si fedha ya kusahau kwenye bajeti.

Kuna jambo jingine ambalo mawakala wa safari hawalijui. Uhakiki wa wakimbizi, mgao wa misaada na usaili wa kupelekwa nchi ya tatu hutaka mtu awepo mwenyewe. Kabla ya kutaja tarehe yoyote kwa ndugu aliye ng'ambo, hakikisha hakuna miadi inayoangukia siku hizo. Kukosa usaili uliosubiriwa miaka kadhaa kwa ajili ya siku tano za bahari ni biashara mbaya.

Basi ni lini?

Kalenda ya shule za Uganda huleta likizo mwezi Mei, kisha kati ya Agosti na Septemba, kisha Desemba na Januari. Likizo ya Mei huangukia ndani ya masika, nayo ndiyo yenye bei za kushawishi. Kwa maoni yetu, Januari ndiyo yenye kufaa zaidi: vuli imekwisha, Isingiro kumekauka, watoto hawako darasani, na ndugu wa Australia nao wako katika likizo yao ndefu. Kaskazi wakati huo huchafua bahari ya upande wa kaskazini mashariki, kwa hiyo miamba ya magharibi mwa Unguja huwa na kinga. Walioko Marekani kwa kawaida hupata nafasi Juni hadi Agosti, wakati wa kusi. Napo upande wa magharibi una nafuu, ila kivuko cha kutoka Dar es Salaam hutikisika.

Anayekwenda kwa barabara hupitia Masaka na Mutukula, kituo kikubwa ambako maafisa wa nchi mbili hukaa pamoja. Kikagati iko karibu zaidi na Nakivale, ng'ambo ya Mto Kagera kutoka Murongo, lakini mwenye hati isiyo ya kawaida atahudumiwa kwa urahisi zaidi pale maafisa walipozoea hati hizo. Kwa ndege, safari huanzia Entebbe. Kwa njia yoyote, weka siku 2 za akiba kabla ya tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye kibali.

Na kama hati haikutoka kwa wakati, ndugu wa ng'ambo wanaweza kukufuata Uganda. Visiwa vya Ssese, 84 kwa idadi, viko wilaya ya Kalangala, na kivuko cha kutoka Bukakata hadi Luku hakitozi nauli. Kibali cha kamanda bado kitahitajika. Matumbawe hayapo, na anayeingia majini ajue kwamba Ziwa Victoria lina kichocho, hasa kwenye fukwe zenye majani na konokono.