Jenerali Aliyemdharau Kadhi

Manuel Fernández Silvestre alizaliwa Cuba mwaka 1871, akaipigania Hispania huko na kutoka na majeraha mengi. Mwaka 1920 alikabidhiwa majeshi ya Melilla, kaskazini mwa Moroko. Akajitosa katika milima ya Rif bila kulinda nyuma yake.

Kiongozi wa waasi, Muhammad bin Abdul-Karim al-Khattabi, alikuwa amewatumikia Wahispania Melilla: mwalimu, mwandishi wa gazeti, kisha kadhi. Wakamfunga gerezani. Aliwajua vyema.

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Juni 1921 kituo cha Abarran kilitekwa, Jenerali hakuonyeka. Julai 22, huko Annual, jeshi lake lilivunjika. Maelfu waliangamia, naye miongoni mwao. Maiti yake haikupatikana.

Ndugu msomaji, ushujaa bila hadhari ni jahazi bila usukani.