Kabla ya Kisu, Tushauriane

Familia nyingi hapa Mwanza, mgonjwa wao anapoambiwa apasuliwe, huona haya kuuliza. Hudhani kwamba kutafuta rai ya daktari wa pili ni kumvunjia heshima wa kwanza, au ni upungufu wa tawakkul. Sivyo. Dini imetuamrisha kushauriana, na tawakkul hufuata baada ya kuchukua sababu.

Mwenye kadi ya NHIF na amwombe daktari wake, kwa adabu, barua ya rufaa: kutoka wilayani hadi Sekou Toure, na kutoka hapo hadi Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Anayevuka ziwa kutoka Ukerewe na abebe picha za eksirei na majibu yote ya vipimo, asije akaanza upya. Huko aulize: Je, upasuaji ni wa lazima? Ipo tiba nyingine? Tukingoja, kuna hatari gani? Na kwenye dirisha la bima aulize mapema kipi kinalipiwa.

Ila dharura haingoji. Uzazi uliokwama au utumbo uliojisokota hauna nafasi ya rai ya pili. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia.

Enyi wazee wa familia, tufuatane na wagonjwa wetu. Mwenye maumivu hasikii yote anayoambiwa.