Kazi Ikikatika, Mtoto Yuko Njiani (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulifuata njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, tukamwona mpagazi wa Kinyamwezi na mzigo wake wa frasila mbili, yaani kama kilo 32. Kazi yake ilikwisha bila barua. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na behewa moja likachukua mzigo wa mamia ya mabega. Hata hivyo mpagazi alikuwa mkulima pia. Alisafiri kiangazi na kujitahidi kurudi kabla ya mvua ili awahi kulima. Mkewe alipojifungua, ujira ungeweza kuwa umekoma, lakini shamba lilikuwapo na ndugu walikuwa jirani.

Mwajiriwa wa leo mjini Tabora, awe mlinzi, dereva, mwalimu wa shule binafsi au karani wa kampuni ya tumbaku, mara nyingi anaishi nyumba ya kupanga na unga anaununua dukani. Mshahara ukikatika mimba ikiwa ya miezi minane, bima ya afya inayolipiwa na mwajiri nayo iko mashakani, na michango ya hifadhi ya jamii inasimama. Kwa familia isiyo na ghala, akiba ya kwanza ni haki zilizomo kwenye karatasi. Tuzitazame.

Tuanze na mama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito. Inampa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mwajiri akimzuia kurudi kazini baada ya likizo hiyo, sheria inahesabu kwamba amemwachisha kazi. Wapo waajiri wanaosubiri mkataba wa muda maalumu uishe, kisha wanakaa kimya. Kama kulikuwa na sababu ya msingi ya kutarajia kwamba mkataba ungehuishwa, kimya hicho nacho ni kuachishwa kazi. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hawezi kudai kuachishwa isivyo halali, lakini bado anaweza kudai kwamba amebaguliwa kwa ujauzito wake.

Kwa baba hali ni nyingine. Sheria inamtambua mtoto akishazaliwa: inampa baba likizo ya siku 3, nazo azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kabla ya hapo, mimba ya mkewe haimpi kinga yoyote ya pekee. Akipunguzwa kazi, analindwa kama mfanyakazi mwingine yeyote. Mwajiri lazima atoe taarifa ya kusudio la kupunguza watu, aeleze sababu, na ashauriane nao au na chama chao kuhusu nani aondoke na kwa vigezo gani. Katika mashauriano hayo ndipo baba mtarajiwa anapopaswa kusema kwamba mkewe yu karibu kujifungua. Hoja hiyo haimlazimishi mwajiri kumbakiza, ila inaweza kusogeza tarehe ya kuondoka au kurefusha bima.

Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28 au malipo badala yake. Aliyetimiza mwaka mmoja hupata kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, hadi miaka 10. Aliyeajiriwa Kigoma akaachishwa kazi Tabora anadai pia usafiri wa kumrudisha yeye na mizigo yake alikoajiriwa. Mpagazi aliyeachwa njiani hakuwa na wa kumdai.

Haki hizi zote zinaweza kupotea kwa saini moja. Mwajiri asiyetaka usumbufu humwita mtu ofisini na kumpa barua ya kujiuzulu iliyokwisha kuchapwa, akimwambia kwamba akisaini atalipwa haraka. Kwa familia inayosubiri uchungu, pesa ya leo ina ushawishi mkubwa. Lakini aliyejiuzulu ni vigumu kudai kwamba aliachishwa. Tena fao la kukosa ajira la Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), ambalo ni theluthi moja ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 6 kwa aliyechangia angalau miezi 18, halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari. Usisaini. Omba barua ya kuachishwa yenye sababu na tarehe.

Tarehe hiyo ndiyo inayoanzisha hesabu. Malalamiko ya kuachishwa isivyo halali hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Ya ubaguzi, ndani ya siku 60. Mama anayejifungua katikati ya siku hizo asingoje arobaini iishe. Fomu ya malalamiko ijazwe kabla, au mumewe amsaidie kuifikisha. Mwanachama wa NSSF aulize pia kuhusu fao la uzazi. Linadai miezi 36 ya michango, 12 kati yake ikiwa ndani ya miaka 3 kabla ya kujifungua, kwa hiyo kukosa mchango wa mwezi uliopita si lazima kumfungie mlango.

Wiki ijayo tutageukia wale ambao sheria hii inawafikia kwa shida: vibarua wa mashamba ya tumbaku ya Urambo na Kaliua, wasio na mkataba wa maandishi wala namba ya uanachama.