Polisi walijua nini juu ya kartie yetu?

Kila mara wezi wanapopita usiku, asubuhi tunauliza swali moja: polisi walikuwa wapi? Mimi naona kuko swali lingine lenye kutangulia lile. Kabla ya usiku ule, polisi walijua nini juu ya kartie yetu, na nani aliwaambia? Sheria ya inchi yetu iko na jibu, tena limeandikwa tangu zaidi ya miaka kumi. Lakini uliza wenye diploma kumi hapa Lubumbashi maana ya herufi CLSP, uone ni wangapi watakujibu.

Niko agronome, siko mwanasheria. Niliingia mu mambo haya juu ya mahindi. Sisi wenye kulima pembeni ya mji tunajua: mwezi wa pili na wa tatu, mahindi yakiwa mabichi, mwizi halali. Mtu anapanda mu mwezi wa kumi na moja, ananunua mbegu na mbolea kwa bei ile tunayoijua, anapalilia mara mbili, halafu usiku mmoja gari ndogo inasimama barabarani, na asubuhi mistari yote ya mbele imebaki mashina matupu. Wengine wameacha kulima mbali na nyumba. Wengine wanavuna mbele ya wakati, mahindi hayajakauka vizuri, kisha yanaoza kwa ukungu ndani ya mifuko. Kwa hiyo usalama kwangu si neno la wanasiasa. Unaingia mu hesabu ya ekta moja, sawa vile mbegu na mbolea.

Tupitie historia kidogo, juu bila hiyo hatuelewi kwa nini mtu wa kwetu akiona kofia ya polisi anavuka ngambo ya pili ya barabara, hata kama hana kosa. Force Publique ya Léopold II, kisha ya Wabelgiji, ilikuwa jeshi na polisi kwa wakati mmoja. Kazi yake haikuwa kumlinda raia na mwizi. Ilikuwa kumfanya raia atoe: kauchu, kodi, mikono ya kazi. Sisi watu wa kilimo tuko na sehemu yetu humo. Tangu 1917 kuliingia kilimo cha lazima, pamba hasa, na yule aliyekuja kijijini kupima shamba lako hakuwa peke yake; nyuma yake kulikuwa askari na jela. Kisha uhuru, jandarmeri, Garde civile ya Mobutu, na polisi mpya tangu 1997. Kila utawala ulibadilisha nguo. Mazoea ya kuamuru na kuchukua yalibakia.

Katiba ya 2006 njo ilijaribu kukata kamba ile. Kifungu cha 182 kinapatia Police nationale kazi ya kulinda usalama wa watu na mali yao. Kifungu cha 183 kinasema polisi haiko ya chama chochote, inatumikia Taifa, na hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuigeuza kwa faida yake. Kisha ikatoka sheria ya tarehe 11 Agosti 2011 juu ya muundo na kazi za PNC. Mu mageuzi hayo njo liliingia wazo la police de proximité, tuseme polisi ya karibu na raia. Na Septemba 2013 dekreti ikaunda ile CLSP: Conseil local pour la sécurité de proximité, baraza la usalama la mahali.

Hapa kuko jambo ambalo watu wengi hawalijui. Ku komini, baraza hilo haliongozwi na polisi. Linaongozwa na burugumesta. Kamanda wa polisi anaketi humo kama mmoja wa wajumbe, pamoja na huduma zingine za serikali na wajumbe wa raia. Maana yake, usalama wa kartie si mali ya kamanda. Na ukitaka kujua kwa nini hakuna kinachofanyika, mlango wa kwanza wa kubisha si sous-ciat; ni ofisi ya komini.

Chini ya baraza kunatakiwa kuwa forum ya kartie, mkutano wa wazi ambapo wanainchi wanaeleza kinachowasumbua. Kutoka mu forum hizo wanatengeneza diagnostic, uchunguzi wa hali ya mahali, na kutoka mu diagnostic wanaandika plan locale de sécurité: tatizo gani, nani atafanya nini, lini. Polisi wanarudi mbele ya raia kueleza walichofanya na walichoshindwa. Njo hivyo inavyoandikwa.

Wengi wanafikiri polisi ya karibu ni polisi mwenye kucheka, mwenye kusalimia mamama sokoni na kucheza futiboli na vijana siku ya sikukuu. Mimi siko adui wa futiboli. Lakini polisi anaweza kukusalimia kwa jina lako na la mtoto wako, na asijue kwamba njia ya nyuma ya kisima njo inanyang'anya watu telefone. Ukaribu wenyewe ni habari: itoke kwa raia ifike kwa polisi, kisha irudi kwa raia ikiwa jibu. Ikikosa kurudi, raia wanachoka kusema.

Wenzangu wa agronomia watanielewa haraka. Tangu kiwavi jeshi, ile chenille légionnaire, kiingie mu mashamba yetu, mkulima wa kwanza anakimbilia dawa. Anapulizia shamba lote, anapoteza makuta, na kiwavi kimejificha ndani ya moyo wa muhindi kinamwangalia. Tunamfundisha nini? Atembee shamba kwa mstari wa W, asimame mahali patano, kila mahali aangalie mimea kumi, ahesabu. Kisha njo aamue. Operesheni kubwa ya polisi, malori, bunduki, vijana wote wa avenue kulala chini, ni pompe ya dawa bila kuhesabu. Diagnostic ya CLSP ni kutembea kwa W.

Nilihudhuria siku moja mkutano wa namna hii, mu kartie moja ya pembezoni ambayo sitaitaja. Wanaume walianza, kama kawaida, na bunduki: silaha zimejaa, wanajeshi wa uongo, serikali ifanye kazi. Nusu saa. Kisha mama mmoja mwenye kuuza mboga akasimama, akasema: "Baba komanda, miye siogope bunduki. Minaogopa majani." Akaeleza. Kati ya kartie na barabara kubwa kuko kiwanja cha mtu ambaye hajajenga, majani yamepita kichwa, na karibu yake nyumba mbili za kuta tupu bila mlango. Wamama wanapita pale saa kumi ya alfajiri kufuata mboga na samaki. Pale njo wanawangojea. Wamama wengine wanne wakasema vile vile, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amepeleka habari polisi, juu kupeleka habari ni kupoteza siku ya soko.

Kamanda alijibu kwa unyofu ambao sikuutegemea. Alisema iko na polisi sita, pikipiki moja, na mafuta anatafuta mwenyewe. Tena akakubali kwamba doria yake inazunguka kutoka saa mbili mpaka saa tano ya usiku, upande wa mabaa. Watu wakacheka, juu kila mtu anajua kwa nini upande wa mabaa. Alfajiri, pahali mama anapoporwa, hakukuwa mtu.

Angalia kile ambacho mkutano ule ulitoa, bila hela ya mfadhili. Shefu wa kartie amtafute mwenye kiwanja, asipopatikana vijana wakate majani siku ya salongo. Nyumba za bure zifungwe milango hata kwa mabati. Doria ihame iende saa kumi ya alfajiri. Namba ya telefone ya kamanda iandikwe ukutani. Niliporudi miezi miwili kisha, majani yalikuwa yamekatwa na milango imefungwa. Doria ya alfajiri ilikuwa imefanyika majuma machache, kisha mafuta yaliisha. Wamama walikuwa wanapita kwa kundi. Sina hesabu ya kuwapatia, lakini yule mama wa mboga aliniambia sasa anaamka bila kuomba mara mbili.

Kuko hatari pia, na hatari hiyo mu mji wetu tunaijua vizuri. Mkutano wa usalama unaweza kugeuka haraka kuwa mahali pa kushitaki watu: wezi ni wale waliokuja juzi, ni watoto wa fulani, ni watu wa kabila lile. Mu inchi ambayo watu walishafukuzwa nyumba zao juu ya asili yao, maneno haya si ya kuchezea. Kanuni yangu ni fupi: forum itaje mahali na saa, isitaje kabila. Jina la mtu, kama kuko ushuhuda, linapelekwa mbele ya OPJ na kuandikwa mu PV. Halipigiwi kelele mbele ya watu mia.

Majaribio makubwa ya polisi hii hayakuanzia kwetu. Yalianzia Bukavu, Matadi na Kananga, kwa msaada wa Uingereza. Na hapa historia inauma. Dekreti ya mabaraza ilitoka Septemba 2013. Novemba ya mwaka ule ule, Kinshasa, polisi wa inchi ile ile walianzisha Opération Likofi kuwatafuta kuluna. Human Rights Watch iliandika mu 2014 kwamba vijana wasiopungua 51 waliuawa na 33 walipotea; wengi walitolewa manyumbani usiku na watu waliofunika nyuso. Uingereza ikasimamisha msaada wake mu 2014. Basi kazi ya Bukavu, Matadi na Kananga ililipia kile kilichofanyika Kinshasa. Mimi sisemi Uingereza ilikosea ao haikukosea. Nasema paka hivi: kazi yenye kusimama kwa mafuta ya mtu mwingine inasimama pale anapofunga kopo. Na Bukavu, mji ambao ulipaswa kutufundisha sisi wengine, tangu Februari 2025 uko mikononi mwa AFC/M23. Raia wa pale leo wako na maswali mengine kabisa.

Tuongee sasa juu ya makuta, juu hapo njo ukaribu unakufa kila siku. Ukipeleka mashitaka, unaombwa makuta ya karatasi. Ukitaka wamfuate mshitakiwa, makuta ya transport. Ukitaka mtu wako atoke, makuta tena. Polisi atakuambia mushahara haumfikishi mwisho wa mwezi, na haongopi. Lakini mama aliyeporwa mtaji wa mboga hawezi kuwa mfuko wa pili wa serikali. Kuleta mashitaka ni bure. Faini ambayo OPJ anaruhusiwa kupendekeza kwa makosa madogo, ile amende transactionnelle, inaingia ku Hazina na inatoka na risiti. Bila risiti si faini. Na mu makosa ya ubakaji na jeuri za kingono, sheria ya 2006 imekataza kabisa faini ya namna hiyo. Baba anayesema "tulishapatana ku sous-ciat, walilipa" hajamaliza kesi. Kilichopita pale si sheria.

Mambo mengine matatu ambayo kila mmoja wetu angepashwa kuweza kumweleza jirani. Kifungu cha 18 cha Katiba: mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu, kwa lugha anayoielewa, na garde à vue haipite saa 48, zikiisha, aachiliwe ao apelekwe mbele ya wenye sheria. Pili, deni si kosa la jinai. Mtu asiyelipa mbolea uliyomkopesha anapelekwa tribinali. Polisi si kampuni ya kukusanya madeni, hata kama tunapenda kuitumia hivyo, na tunaipenda sana. Tatu, polisi akikukosea, usipeleke karatasi yako kwa parquet ya kawaida halafu ushangae kwamba inalala. Kifungu cha 156 kinaweka makosa ya polisi chini ya mahakama za kijeshi. Mlango wake ni auditorat militaire. Kuko pia Inspection générale ya PNC kwa malalamiko juu ya kazi yenyewe.

Ku komini yangu nimeuliza mara mbili kama CLSP iko hai. Mara ya kwanza walinijibu iko. Mara ya pili waliniuliza CLSP ni nini. Basi wakulima kumi na mmoja wa upande wetu tumeandika barua kwa burugumesta, nakala kwa kamanda: tunaomba forum ya kartie mbele ya mahindi kukomaa, na ndani ya barua tumechora njia tatu ambazo gari za wezi zinatumia, na saa. Nakala yetu iko na muhuri wa kupokelewa. Kama kuko mmoja wenu anafanya kazi ku komini yoyote ya mji, ao alishakaa mu baraza hili, atuandikie hapa chini lilikutana lini mara ya mwisho na liliamua nini. Tuko mwezi wa kumi na mbili. Mahindi yamefika ku magoti.